Kutafuta maduara ya zamani Chunya kwa ramani za enzi ya ukoloni

Dhahabu ya Lupa, Chunya, imechimbwa tangu 1922, na mgodi wa New Saza ulifungwa 1956. Njia zake za chini bado zipo, nyingine zimejaa maji. Ukishusha duara (shimo la mgodi) jipya bila kujua zinapita wapi, unaweza kuzitoboa na kuwazamisha walio chini. Kwa hiyo ramani kwanza, sururu baadaye.

Hatua ya 1: Omba ramani za jiolojia, zile za QDS (kila karatasi ni robo digrii), katika Taasisi ya Jiolojia (GST), Dodoma. Tafuta nyundo mbili zilizopishana, ndiyo alama ya mgodi. Zikiwa zimepinduliwa, kwa kawaida mgodi umeachwa. Ramani iskaniwe ikiwa bapa, maana picha ya simu hupinda kingo.

Hatua ya 2: Ifungue kwenye programu ya ramani ya QGIS, kwenye Georeferencer, sehemu inayofunga picha ya ramani na viwianishi vya ardhini. Weka alama mistari ya gridi inapokutana, pembe zote nne na chache katikati. Achana na mito na barabara, huhama.

Hatua ya 3: Wengi hupotelea hapa. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zenye gridi ya UTM (viwianishi vya mita) zinafuata mfumo wa vipimo wa Arc 1960, ilhali GPS ya simu inafuata mfumo mwingine, WGS 84. Ukiingiza namba za gridi kwenye simu jinsi zilivyo, utasimama takriban mita 300 kaskazini mwa shimo unalolitafuta. Soma maelezo ya pambizoni; yakitaja Arc 1960, kwa Chunya chagua msimbo EPSG:21036 (UTM ya Arc 1960), halafu iachie programu ihamishie EPSG:32736 (UTM ya WGS 84).

Hatua ya 4: Chora mviringo wa mashaka, yaani eneo ambamo shimo linaweza kuwa. Kwenye ramani ya 1:125,000, milimita moja ni mita 125 ardhini. Kalamu ikiteleza nusu milimita tu, umeshahama mita sitini na kitu. Mimi huchora mviringo wa mita 200 na kuukagua wote.

Hatua ya 5: Nenda na mzee wa kijiji anayeyajua mashimo. Shimo moja halithibitishi kitu, huenda ni la juzi. Tafuta mabonde madogo yaliyojipanga mstari mmoja, kifusi cha mawe meupe ya kwatzi kando yake, na misingi ya zege ya kinu. Pima uelekeo wa mstari huo kwa dira. Ukilingana na mwamba uliochorwa kwenye ramani, umepata.

Usisogelee mdomo wa duara: mbao za ndani zimeoza na udongo wa ukingoni unaweza kuwa mtupu chini. Marudio (mabaki ya mchanga uliosagwa kinuni) ya zamani yanaweza kuwa na zebaki au sianidi, watoto na mifugo wasifike. Chukua viwianishi ukiwa mbali, uvipeleke ofisi ya madini na serikali ya kijiji.