Safari fupi ya gari pwani wikendi ya sikukuu

Kwa siku tatu, safari ya kwenda isizidi saa nne au tano. Barabara za pwani zina kona, vijiji na madaraja membamba, kwa hiyo piga hesabu ya kilomita 50 kwa saa, si 80. Laleni sehemu moja usiku wote wawili. Kuhamahama ni kupoteza nusu siku kwa mizigo.

Ondokeni alfajiri. Kurudi, tokeni asubuhi, kwani wengi husubiri jioni ya siku ya mwisho.

Siku moja kabla, pima upepo wa matairi yakiwa ya baridi, la spea pia, ambalo hugundulika halina upepo siku ya pancha. Kagua jeki, oili na maji ya rejeta. Tangi likifika nusu, jaza.

Kinachowaponza wengi ni bahari. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni takriban saa sita, na kila siku nyakati huchelewa kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, ni bamvua: maji hupanda zaidi, na gari lililoachwa ufukweni huzingirwa. Egesha juu ya mstari wa mwani mkavu, tena mbali nao.

Ukinasa mchangani, usikanyage mafuta, gurudumu litajichimbia. Fukua mchanga, punguza upepo hadi psi 18 hivi, toka polepole, kisha jaza upepo kabla ya kurudi lami.

Nyumbani, osha uvungu wa gari kwa maji yasiyo na chumvi.