Kufuatilia neno la Kilatini hadi kwa watoto wake: mfano wa mensa

Wanafunzi wangu wa Kihispania wakikutana na neno mesa huuliza palepale: "Mwalimu, hii si meza yetu?" Ndiyo, ni hiyohiyo. Hapa nitaonyesha namna ya kulithibitisha jambo hilo bila kubahatisha, tukianza na mzazi wao, mensa ya Kilatini, "meza", na kufuata lugha zilizotokana na Kilatini, ndizo watoto wake. Chukua kalamu na karatasi.

Hatua ya 1: Tafuta umbo lililorithiwa

Kamusi ya Kilatini hukupa nomino katika umbo la kiima, yaani la mtenda. Usianzie hapo. Nomino nyingi zilizobaki hadi leo zimetokana na umbo la yambwa, yaani la mtendwa, ambalo mara nyingi huishia kwa -m. Ukishika nox, "usiku", hutaona noche ya Kihispania imetoka wapi. Ukishika noctem, njia inafunguka. Kwa neno letu andika mensam, kisha ufute -m ya mwisho, kwani katika mazungumzo ya kawaida ilikuwa haisikiki.

Hatua ya 2: Wasikilize wasemaji

Vitabu viliandika mensa, lakini vinywani mwa watu n iliyotangulia s ilidondoka zamani sana. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni orodha ya kale iitwayo Appendix Probi, ambayo mwandishi wake hajulikani. Inasahihisha matamshi, na mojawapo ya mistari yake ni "mensa non mesa", yaani sema mensa, usiseme mesa. Aliyekemea kosa ndiye aliyetuhifadhia sauti ya watu wa kawaida, na kosa lenyewe ndilo lililorithiwa.

Hatua ya 3: Waite watoto, umhoji kila mmoja

Kihispania: mesa. Kireno: mesa. Kiromania: masă, na a hiyo isikutishe, kwa sababu wingi wake ni mese na e ya zamani imo bado. Huko neno limebeba pia maana ya mlo.

Kiitaliano ndicho kinachowapotosha wengi. Kina mensa, "kantini", na anayeanza hudhani amempata mtoto aliyefanana na mzazi kuliko wote. Mlinganishe kwanza na neno lenye sauti zilezile: mensem, "mwezi". Kihispania ni mes, Kireno mês, Kiitaliano mese. Kumbe Kiitaliano nacho kiliiacha n! Basi mensa yenye n haikupita kinywa kwa kinywa. Waliosoma waliichukua tena kutoka Kilatini cha vitabuni. Meza ya kulia chakula Waitaliano huiita tavola, kutoka tabula, "ubao". Table ya Kifaransa ina asili hiyohiyo.

Je, Kifaransa kiliipoteza mensa kabisa? Mensem ilizaa mois. Kwa kanuni hiyo, mensa ingepaswa kuzaa moise. Fungua kamusi ya Kifaransa: moise ipo, ni neno la maseremala, mbao pacha zinazobana nguzo au boriti nyingine. Kanuni ilitangulia kutabiri neno, nalo likapatikana. Kwangu hiyo ndiyo furaha kubwa ya kazi hii.

Hatua ya 4: Usidanganywe na sura

Mucho ya Kihispania na much ya Kiingereza zinafanana na maana zinakaribiana, lakini si ndugu. Mucho imetoka multum, kama cuchillo, "kisu", ilivyotoka cultellum: lt imegeuka ch mara mbili. Much ya Kiingereza ina ukoo wake wa Kijerumaniki, jamii ya lugha za Kijerumani na Kiingereza, si wa Kilatini. Kabla ya kukubali undugu, dai angalau jozi mbili zenye badiliko lilelile.

Hatua ya 5: Rudi kwenye meza yetu

Mesa ya Kihispania na ya Kireno huandikwa sawa. Ipi ilifika kwetu? Sikiliza tu: Wahispania hutamka s, Wareno hutamka z kati ya irabu mbili. Z yetu inajibu. Historia nayo inakubali: Vasco da Gama alitia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498, na Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, wakaipoteza mwaka 1698.

Sasa jaribu mwenyewe kwa neno gereza. Mzazi wake ni igreja ya Kireno, "kanisa", kutoka ecclesia. Kihispania kinasema iglesia. Anza na cl ya Kilatini, uone imegeuka nini katika kila lugha, kisha uulize r ya gereza inamtaja mzazi yupi.