Namna ya kuendesha kambi ya matibabu ya raia kwa kutumia waganga wa jeshi

Begi la mganga wa jeshi limepangwa kwa ajili ya kijana mwenye afya aliyepigwa risasi: bendeji, dripu, mkanda wa kubana damu. Kijijini watakaokuja ni mama na kichanga, mzee wa presha, mtoto mwenye homa. Kwa hiyo pakieni mizani ya watoto ya kuning'iniza, mikanda midogo ya mashine ya presha, paracetamol ya maji, ORS (chumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha), zinki na ALu (dawa ya malaria) ya watoto. Mizani ndiyo husahaulika kuliko vyote.

Wiki mbili kabla, mpelekee Mganga Mkuu wa Wilaya orodha ya dawa, ailinganishe na zilizopo zahanati. Ukimwanzishia mzee kidonge cha presha ambacho zahanati haina, mwezi ujao atabaki na pakiti tupu. Tena presha ya kipimo kimoja, baada ya kutembea juani, si ugonjwa: akae dakika 5, apimwe tena, na ikibaki juu apewe rufaa.

Hesabu kadi za foleni mapema. Tabibu mmoja akitumia dakika 9 kwa mgonjwa, kwa saa 6 anaona 40. Matabibu wanne, 160. Gawa kadi hizo tu, ila mahututi hawana foleni. Askari wa huduma ya kwanza wapime uzito, joto na presha, wasiandike dawa.

Homa: kipimo cha haraka cha malaria kisomwe kwa dakika zilizoandikwa kwenye boksi. Kikichelewa, mstari wa uongo unaweza kutokea. Kikionyesha malaria, ALu hutolewa kwa uzito, kwa kila dozi: kilo 5 hadi chini ya 15, kidonge 1, chini ya 25, viwili, chini ya 35, vitatu, kuanzia 35, vinne. Dozi ya kwanza anywe hapohapo na chakula au maziwa. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia. Ya pili ni baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili.

Silaha zibaki nje ya eneo la huduma. Na mgonjwa asiulizwe habari za jirani zake. Akiulizwa hata mara moja, kesho foleni haipo.

Jioni, wagonjwa wote waandikwe kwenye daftari za MTUHA za zahanati, yaani za mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya. Daftari la kikosi likiondoka na lori, muuguzi wa zahanati hatajua nani alipewa nini.