Kuondoka nyumbani kwenda kujitolea nje ya nchi: maliza ya nyumbani kwanza

Nimeenda kujitolea nje mara mbili, safari ya kwanza miaka miwili mizima, na tangu nirudi nimekuwa nakaa na watu wanaojiandaa kuondoka nawasaidia kupanga. Wale niliowaona mimi wakikatisha na kurudi kabla ya muda, karibu wote hawakushindwa na lugha wala kazi wala upweke wa kule. Kuna kitu walikiacha nyumbani hakijaisha: deni, mzazi mgonjwa ambaye hakukabidhiwa kwa mtu, mchumba waliyeagana naye juu juu tu. Ndo maana humu nitakaa zaidi kwenye nyumba yako kuliko kwenye begi lako.

Hatua ya 1: Jua unaenda na nani

Mashirika yanatofautiana sana. Peace Corps, shirika la kujitolea la serikali ya Marekani lililoanza 1961, linachukua raia wa Marekani tu na kawaida ni miezi 27, mitatu ya mafunzo na 24 ya kazi. Wajapani wana mpango wao tangu 1965, VSO, shirika lingine la kujitolea, lilianzia Uingereza 1958, na UNV, mpango wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, ambayo makao makuu yake yako Bonn Ujerumani, inachukua watu wa nchi nyingi na kila aina ya nafasi ina masharti yake ya umri na uzoefu. UNV hawatozi hela kuomba nafasi, kwa hiyo mtu akikutumia imeili ya "Umoja wa Mataifa" akitaka utume ada ya fomu, huyo ni tapeli, mblok.

Omba mkataba mapema uusome wote, usisaini kwa furaha. Angalia posho ni ya nini, nyumba analipa nani, tiketi ya kurudi ipo au haipo, na bima ikiwa inagharamia kukusafirisha kwenda hospitali ya nchi nyingine ukizidiwa. Na kama unapelekwa kulea watoto kwenye kituo cha yatima kwa wiki mbili tatu halafu uondoke, naomba ufikirie upya. Watoto wengi wa vituo hivyo wana mzazi aliye hai, na mtoto anayezoea mtu mpya kila mwezi anaumia kila mmoja anapoaga. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona mtoto akigoma kabisa kutaja jina la mgeni mpya, anamwita "wewe" tu.

Hatua ya 2: Makaratasi na chanjo, miezi sita kabla

Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele ya tarehe utakayomaliza. Viza hakikisha inaruhusu kujitolea, nchi nyingi ukija na viza ya utalii ukaanza kazi, hata bila mshahara, unahesabika umevunja sheria. Cheti cha polisi cha tabia njema nacho kinachukua muda.

Chanjo watu wanaziacha hadi wiki ya mwisho, kosa kubwa. Homa ya manjano inabidi zipite siku 10 ndo kadi ianze kutambulika, ila tangu 2016 ukishachanjwa mara moja inahesabika maisha yako yote, hata kama kadi ni ya zamani. Homa ya ini aina ya B kwa ratiba ya kawaida ni sindano tatu ndani ya miezi sita, hesabu mwenyewe unatakiwa uanze lini. Dawa za kuzuia malaria nazo zina ratiba tofauti, nyingine unaanza siku moja au mbili kabla ya safari, nyingine wiki kadhaa kabla, na ukitoka huko unaendelea kumeza, muulize daktari.

Hatua ya 3: Kaa na watu wako mmoja mmoja

Hii ndo yenyewe. Usitangaze kwenye grupu la familia halafu ukadhani umeaga. Mkalishe kila mmoja peke yake, mwambie tarehe ya kwenda na ya kurudi, usiseme "kama miaka miwili hivi", mzazi anabaki na hiyo "hivi" moyoni.

Ongea hela waziwazi. Ukisema unaenda nje watu wanasikia utatuma, na posho ya kujitolea ni ya kula na nauli tu. Kama ulikuwa unachangia kitu kila mwezi, sema mwenyewe kwamba kitasimama au kitapungua, na nani atashika hiyo nafasi.

Halafu kuna swali ambalo hakuna anayetaka kuliuliza: mtu akiugua sana au akifariki, unaambiwa lini, na nani, na unarudi au hurudi? Mimi sikuliuliza. Mama alilazwa wiki tatu, dada akaona asinisumbue, nikaja kujua kwa statasi ya jirani aliyeandika "tunashukuru ametoka salama". Nilikaa chini kwenye sakafu na simu mkononi nimepigwa butwaa, mama ameshapona lakini mimi ndo naanza kuugua. Safari ya pili tulikubaliana naambiwa siku hiyohiyo, hata kama hakuna ninachoweza kufanya, na nililala usingizi wa kweli kwa sababu nilijua kimya maana yake ni salama.

Baada ya maongezi andika daftari la makabidhiano: bili gani inalipwa tarehe ngapi, mzee anameza dawa gani saa ngapi, hati ziko droo ipi. Na usilikabidhi siku ya mwisho, kabidhi mwezi mzima kabla, wewe ukiwa bado upo umwache mwenzako afanye kazi na wewe uangalie, ndo utagundua yale usiyoyaandika.

Hatua ya 4: Laini ya simu na benki

Namba yako ya nyumbani ndo inapokea meseji za benki zenye namba za uthibitisho. Laini ikikaa muda mrefu bila matumizi kampuni inaweza kuifunga, yangu ilifungwa nikabaki naangalia hela zangu kwenye skrini siwezi kuzigusa kwa miezi miwili. Kabla hujaondoka jaribu kuingia benki kwa njia isiyotegemea meseji, washa roming (huduma ya kutumia laini yako ukiwa nje ya nchi), na uandikie mtu mmoja unayemwamini hati ya uwakala mbele ya wakili.

Hatua ya 5: Begi

Fupi tu. Dawa kwenye pakiti zake na cheti cha daktari, pawabenki kwenye begi la mkononi maana haziruhusiwi kwenye mzigo unaoukabidhi, nakala za makaratasi sehemu mbili. Nguo nyingine utanunua huko.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Agana nyumbani, sio eapoti. Eapoti kuna foleni na watu wanakuangalia saa, mzazi anaishia kukuuliza pasipoti iko wapi badala ya kusema alichokuwa nacho. Mama yangu aliniagia jikoni, alinishika kifundo cha mkono akakizungusha taratibu kama anapima, akasema "nikikuona tena nitajua kama umekonda". Tulicheka, nikatoka.

Hatua ya 7: Wiki za mwanzo

Mwanzoni kila kitu kitakufurahisha, halafu baada ya wiki kadhaa utachukia hadi mlio wa mlango. Hali hiyo inawapata wengi na inapita, usikate tiketi ya kurudi ukiwa ndani yake. Usipige nyumbani kila saa pia, pangeni siku, mfano Jumapili jioni, siku nyingine voisi noti zinatosha.

Usiku wa kwanza tuma ujumbe mmoja kwa yule mtu wako wa nyumbani kwamba umefika, yeye awajulishe wengine, weka simu chaji, lala.