Jinsi ya kupanda basi la mizimu London na shangazi yako mkarudi mkiwa mnaongea

Kuna basi moja jeusi la ghorofa linazunguka London usiku, ukikutana nalo kwa mara ya kwanza utadhani linatoka msibani, na ndo wanavyotaka udhani. Ni The Ghost Bus Tours, wapo London, Edinburgh na York, mimi naongelea la London maana ndo nililopanda. Ni kama mchezo wa kuigiza ila stejini ni ndani ya basi, linatembea mjini kweli huku mwigizaji aliyevaa kama konda anakusimulia nani alikatwa kichwa wapi na nani bado anaonekana akizunguka usiku, halafu mambo yanaanza kwenda mrama humo ndani. Utacheka zaidi ya utakavyoogopa. Mengine sisemi nisije nikakuharibia.

Tiketi kata onlaini mapema, hasa wikiendi na mwisho wa Oktoba kwenye Halloween, hapo kunajaa vibaya. Sehemu ya kupandia ni Northumberland Avenue karibu na Trafalgar Square, stesheni za karibu Embankment na Charing Cross, ila soma tiketi yako vizuri. Sasa kwenye muda ndo niliboronga mimi mwenyewe. Tiketi iliandikwa 19:30, mimi nikawatumia watu meseji "tukutane saa moja na nusu", shangazi ametoka Tanga akaelewa bila shida, lakini mpwa wangu aliyezaliwa hukuhuku Uingereza akaisoma kizungu, akafika saa saba na nusu mchana, kijana wa watu kakaa Trafalgar Square masaa sita anaangalia njiwa na ile nguzo ya Nelson. Akapanda basi kavimba kama andazi. Kwa hiyo kama kwenye kundi lenu kuna waliokulia huku, andikeni namba kama zilivyo kwenye tiketi.

Halafu angalia mwezi. London siyo Dar ambako jua linazama mida ileile karibu mwaka mzima. Desemba giza linaingia kabla hata ya saa kumi na moja jioni, Juni jua linazama saa tatu na kitu usiku, sasa ukipanda saa moja na nusu mwezi wa sita unasimuliwa mizimu huku jua linakupiga usoni na watu wanakula aiskrimu nje, haitishi hata kidogo. Nenda kati ya mwisho wa Oktoba na Februari. Ukilazimika kwenda kiangazi chukua la mwisho kabisa usiku.

Basi lenyewe ni Routemaster, yale mabasi ya zamani ya London yaliyotengenezwa kuanzia 1954 mpaka 1968, yakaondolewa kwenye ruti za kawaida Desemba 2005. Unapandia nyuma, pale pamekaa wazi bila mlango, na zamani konda ndo alikuwa anasimama hapo, yani daladala kabisa isipokuwa hapigi debe. Ngazi ya kwenda juu ni nyembamba na imejikunja, na mtu wa wheelchair atapata tabu kwelikweli, mabasi haya yalitengenezwa enzi ambazo hakuna aliyewafikiria, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Choo hakuna, jisaidieni kabla. Kama magoti yako mazima panda juu, unaona majengo vizuri. Sisi tulikaa chini sababu ya magoti ya shangazi, na kosa langu lingine nikamweka upande wa njia. Konda wa basi hili anapenda watu wa upande wa njia kama konda wa Mbagala anavyopenda noti ndogo. Atakuuliza jina, atakutania, na ukikaa kimya ndo umemwaga petroli. Jibu kwa sauti, hata Kiingereza chako kiwe cha kuungaunga, mradi ujibu. Anayejibu anaachwa haraka kuliko anayejificha.

Sasa nakuja kwenye kitu ambacho watu wetu wengi hawakifanyi halafu wanatoka wanasema "mbona halikuwa na maana". Utani wa humo ndani unakwenda mbio na umejengwa juu ya historia ambayo watoto wa Kiingereza wanafundishwa shuleni, usipoijua utabaki unacheka kwa kufuata wenzako. Ruti inaweza kubadilika kutokana na foleni lakini katikati ya jiji habari ni zilezile, zisome nusu saa tu kabla. Pale Whitehall, nje ya Banqueting House, ndo alikokatwa kichwa Mfalme Charles wa Kwanza tarehe 30 Januari 1649, na siku hiyo baridi ilikuwa kali akavaa mashati mawili ili asitetemeke watu wakadhani anaogopa. (Na wewe jifunze kwake, Januari humo ndani vaa sweta chini ya koti.) Tower of London ni Anne Boleyn, mke wa Henry wa Nane, 1536, aliyemkata aliletwa kutoka Ufaransa maana alikuwa fundi wa upanga, na tangu hapo wanasema bibie anatembea usiku kichwa kakibeba kwapani. Smithfield, ambako kuna soko la nyama, ndo aliuawa William Wallace wa Scotland mwaka 1305, tena kwa ukatili ambao sitauandika hapa watu wanakula. Halafu Fleet Street watakutajia Sweeney Todd, kinyozi aliyekuwa anachinja wateja na nyama inaishia kwenye pai. Huyo hakuwahi kuwepo, ni hadithi za magazeti ya bei chee za miaka ya 1840, ila abiria nusu nzima watatingisha kichwa kama walimjua.

Ila utamu wote uko kwenye hadithi ya basi lenyewe. Wanakwambia lilikuwa mali ya kampuni ya Necropolis, linabeba maiti na wafiwa. La basi ni la kutunga, lakini halikutungwa hewani, maana treni ya namna hiyo ilikuwepo kweli! Makaburi ya London yalijaa mpaka hayafai tena, kipindupindu nacho kinaua watu kwa maelfu, basi mwaka 1854 wakaanzisha treni ya kutoka Waterloo kwenda makaburi ya Brookwood huko Surrey. Wafiwa wananunua tiketi ya kwenda na kurudi, jeneza linakatiwa tiketi ya kwenda tu. Na kulikuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu, mpaka kwa maiti. Iliendelea mpaka 1941 stesheni yake ilipopigwa mabomu na Wajerumani. Jengo lake la mbele bado lipo 121 Westminster Bridge Road, ukitoka kwenye basi na miguu yako inaruhusu vuka mto ukaliangalie, hulipii kitu.

Shangazi hii stori ya maiti nilimwambia tukiwa tumeshakaa. Usifanye hivyo. Kwetu Tanga mtu hataji majini ovyo usiku akategemea wenzake wacheke, na yeye alikuwa anajua amekuja kutalii mji kwa basi la kizamani, basi. Taa zilipozima ghafla mara ya kwanza nikamsikia pembeni ameanza Ayatul Kursi, kwa sauti ya chini ila haraka kama mtu anayewahi kivuko. Konda anapita na sura yake ya majivu, akainama akamuuliza "are you all right, madam?" na shangazi bila kusimamisha kisomo akampungia mkono wa "pita, pita". Basi zima likafa kwa kicheko. Akaja akamaliza, akajipangusa uso, akaniambia, "Wewe, huyu kijana amepakwa unga." Kuanzia hapo ndo akaanza kufurahi, tena akawa anacheka kabla ya wengine.

Kwa hiyo mtu mzima unayemleta mwambie mapema, kwa lugha yake, kwamba ni maigizo, unga na taa. Asiyetaka muache nyumbani kwa amani. Na watoto wadogo wanaoota usiku usiwalete, utalala wewe macho.

Kurudi nyumbani hakuna tabu, mabasi ya kawaida yanapita Trafalgar Square usiku kucha, unagusisha kadi ya benki tu. Letu lilikuja jekundu, linawaka taa zote. Shangazi kabla ya kunyanyua mguu akachungulia mpaka nyuma, akaniuliza, "Hili nalo lina konda?" Nikamwambia siku hizi hayana. Ndo akapanda.