Jinsi ya kupima presha nyumbani upate namba ya kweli, hatua kwa hatua

Mimi ni nesi, niko kliniki ya presha na kisukari hapa Dar, na kitu kinachoniuma kuliko vyote kwenye hii kazi ni mtu kuanza dawa au kuacha dawa kwa sababu ya namba moja iliyopimwa ovyo. Mtu katoka Kimara kasimama kwenye mwendokasi mpaka Kariakoo, kaingia famasi jasho linamtoka, kaweka mkono juu ya kaunta akiwa amesimama huku anaongea na muuzaji, mashine inasoma 168/98, basi anarudi nyumbani ameshajipa ugonjwa na pengine ameshanunua na dawa. Mwingine anatumia dawa vizuri kabisa, anapima mara moja inasoma 126/80, anasema nimepona anaacha, afu anakuja kuletwa na ndugu akiwa hawezi kunyanyua mkono wa kulia. Wote wawili kilichowaponza ni kuamini namba moja. Kwa hiyo naandika hapa vile ninavyowafundisha wagonjwa wangu, na nakuomba ufuate yote maana ukiruka moja tu namba inaharibika.

Kwanza ujue unapima nini. Moyo ukisinyaa unasukuma damu kwenye ateri, yaani mishipa inayotoa damu kwenye moyo, msukumo huo kwenye kuta za mishipa ndo namba ya juu. Moyo ukilegea ili ujae damu tena, msukumo unashuka lakini hauishi, huo unaobaki ndo namba ya chini. Watu wanaidharau ya chini, wakati huo moyo ukiwa umelegea ndo muda ambao misuli yake yenyewe, hasa upande wa kushoto, inapata sehemu kubwa ya damu yake. Zinahesabiwa kwa milimita za zebaki, maana tangu kile kipimo cha mkanda cha daktari Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896 watu walikuwa wanasoma zebaki ikipanda kwenye mrija.

Presha ikikaa juu miaka, upande wa kushoto wa moyo unafanya kazi kupita kiasi mpaka misuli inanenepa na kukakamaa, baadaye unachoka, mtu anaanza kuvimba miguu na kukosa pumzi akilala. Huku mishipa midogo ya ubongo, figo na macho inaumia. Na wengi hawasikii chochote. Hili narudia kila siku kliniki, mtu ananiambia "mimi presha yangu naijua, ikipanda kichwa kinaniuma", hapana, wapo watu wana 190 wanapanga foleni wanacheka na wenzao. Huwezi kuijua kwa kusikilizia mwili, lazima upime.

Hatua ya 1: mashine na mkanda

Nunua mashine ya mkono wa juu, inayojijaza hewa yenyewe. Zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono sizipendi kwa matumizi ya kila siku, zinadanganya kirahisi mkono ukikaa vibaya kidogo tu, na zile apu za kuweka kidole kwenye kamera ya simu achana nazo kabisa. Kama una intaneti tafuta orodha ya STRIDE BP, inaonyesha mashine zilizopimwa usahihi wake, uangalie modeli yako kabla hujatoa hela. Bei kubwa sio dalili ya ubora.

Sasa mkanda, ule unaofungwa mkononi ukajaa hewa, hapa ndo penye makosa makubwa na watu hawaambiwi. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, zungusha mkono katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi ya kawaida imeandikwa sm 22 mpaka 32, mikubwa sm 32 mpaka 42. Kina mama wengi ninaowapima wana mikono ya sm 35, 36, na wanapimwa na mkanda wa kawaida unaobana mpaka velkro inaachia, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba, inaweza kuwa pointi 5, inaweza kufika hata 20 kwa mkono mnene sana. Kuna mama mmoja wa Mbagala alikuja na mashine yake, nikampima na mkanda mkubwa ikasoma chini sana kuliko alivyozoea, akaniambia "mwanangu, hii yenu mbovu, ya kwangu haijawahi kusema hivyo". Nikamwambia mama yangu, mashine zote mbili nzima, mkanda wako ndo mdogo. Tulifunga mkanda mkubwa kwenye mashine yake yeye mwenyewe aone, namba zikakaribiana. Kwa hiyo ukinunua mashine uliza mkanda unaokutosha, na uwe unaoendana na mashine hiyo.

Betri zikiisha nguvu badilisha zote kwa pamoja.

Hatua ya 2: nusu saa kabla

Usinywe kahawa, iwe ya kijiweni au ya nyumbani, usinywe zile enaji, usivute sigara, usifanye mazoezi wala kupanda ngazi na ndoo ya maji. Nenda chooni, usicheke, kibofu kilichojaa kinapandisha presha. Kama umetoka juani oga, pumzika, pima baadaye. Na usipime umetoka kugombana na mtu wa kodi, utakachopima ni hasira.

Kama unatumia dawa za presha, asubuhi pima kabla hujameza dawa na kabla ya chai.

Hatua ya 3: kukaa

Kiti chenye mgongo. Sio kitanda, sio stuli, sio ukingo wa sofa umeinama. Mgongo uegemee, miguu yote miwili ikanyage sakafu, usikunje nne. Mkono uweke juu ya meza, ulegee kabisa, mkanda uwe usawa wa moyo, yaani usawa wa katikati ya kifua. Meza ikiwa fupi weka mto au khanga uliyokunja chini ya mkono. Mkono ukining'inia chini ya moyo namba inapanda, ukinyanyuliwa juu inashuka, kila sm 10 ni karibu pointi 7 au 8, hiyo ni fizikia tu ya uzito wa damu, mashine haina kosa. Ndo maana kupima mtu kasimama kaunta mkono uko kokote hakusaidii.

Ukishakaa hivyo, tulia dakika 5. Dakika 5 za kweli, simu weka mbali, TV zima. Watu wote wanairuka hii.

Hatua ya 4: kufunga mkanda

Mkanda unafungwa kwenye ngozi, sio juu ya nguo. Na usikunje mkono wa shati ukapandisha mpaka unabana juu, hapo umejitengenezea mkanda wa pili, bora utoe mkono kwenye nguo. Pinda kiwiko kidogo uone ule mkunjo wa ndani, ukingo wa chini wa mkanda ukae vidole viwili juu yake. Mrija wa hewa utokee upande wa ndani wa mkono kuelekea kiganjani, mikanda mingi ina alama inayotakiwa kulala juu ya ateri, ukibonyeza taratibu upande wa ndani wa kiwiko utaisikia inadunda. Kaza kiasi kwamba vidole viwili vinapita chini ya mkanda, vitatu visipite.

Mara ya kwanza kabisa pima mikono yote miwili. Mkono uliosoma juu zaidi ndo utautumia siku zote. Tofauti ikizidi 10 rudia tena siku nyingine, ikibaki hivyo mwambie daktari, maana inaweza kuonyesha ateri ya upande mmoja imebanwa.

Hatua ya 5: bonyeza, nyamaza

Bonyeza kitufe halafu usiongee, usicheke na mtoto, usijibu hodi. Mkanda unajaa mpaka unaifunga ateri damu isipite, utasikia unabana na vidole vinakufa ganzi kidogo, ni kawaida. Halafu hewa inatoka taratibu, ateri inaanza kufunguka, damu inapita kwa kugonga, na mashine inasoma mitikisiko hiyo midogo ndani ya mkanda. Ukiongea au ukikunja ngumi unaongeza mitikisiko yako wewe. Jirani akija kukupima nyumbani mwambieni mapema, salamu zote zimalizike kabla.

Ikileta alama ya mapigo yasiyo sawa, ka-moyo kanakowakawaka, usitaharuki kwa mara moja. Ikijirudia siku tofauti nenda ukapimwe ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, maana kuna hali ya moyo kudunda ovyo ovyo inayofanya damu igande ndani ya moyo, donge likatoka likaenda ubongoni, na hapo kiharusi. Hii inatibika ikijulikana mapema, kwa hiyo isipuuzwe hata kama presha yenyewe iko vizuri.

Hatua ya 6: rudia, andika

Kipimo kimoja hakitoshi. Subiri dakika 1, pima tena, mkanda ukiwa hapo hapo. Mbili asubuhi, mbili jioni, siku 7 mfululizo. Andika kila namba uliyoiona, usichague nzuri, usirudie mpaka ipatikane unayoitaka. Daftari la shule la kawaida linatosha, tarehe, saa, namba zote mbili, mapigo, na pembeni kama ulisahau dawa au hukulala vizuri.

Hatua ya 7: tafuta wastani

Siku ya kwanza itupe, watu wengi siku hiyo wana wasiwasi na mashine. Siku 6 zilizobaki jumlisha namba za juu zote ugawe kwa idadi yake, na za chini vivyo hivyo. Nikupe mfano wa siku moja tu uone, asubuhi 146/92 na 138/88, jioni 136/84 na 132/84. Za juu jumla 552, gawa kwa 4 unapata 138. Za chini jumla 348, gawa kwa 4 ni 87. Kwa hiyo 138/87.

Hapo mtu atasema niko salama, si chini ya 140/90? Hapana. Hiyo 140/90 ni kwa vipimo vya kliniki. Nyumbani ambako umetulia, kikomo ni 135/85, wastani ukifika hapo au kuzidi ni presha ya kupanda na unatakiwa umwone daktari. Na ukisoma mtandaoni utakuta 130/80, hiyo ni ya Marekani tangu 2017, usichanganyikiwe, daktari wako ndo atakuambia lengo lako, hasa kama una kisukari au figo.

Kuna wanaosoma juu kliniki tu, nyumbani wako sawa, ni woga wa mazingira. Na kuna kundi linaloniogopesha zaidi, kliniki nzuri nyumbani juu, hao bila daftari hatuwajui kabisa.

Ukipata 95/60 na wewe ni kijana mzima huna shida yoyote, sio ugonjwa, usikimbilie kunywa maji ya chumvi. Ila kama uko kwenye dawa na ukisimama unaona giza, rudi kwa daktari na daftari, dozi itaangaliwa, usiipunguze mwenyewe.

Hatua ya 8: namba ikiwa mbaya sana

Ukiona 180/120 au zaidi, angalia mwili kwanza. Kifua kinabana, pumzi inakata, mdomo umeenda upande, mkono au mguu umekosa nguvu, maneno hayatoki vizuri, kuona kumepotea ghafla, kichwa kinapasuka au mtu anaanza kuchanganyikiwa, hapo hakuna kupima tena, ni hospitali sasa hivi, Temeke, Amana, Mwananyamala, Muhimbili, yoyote iliyo karibu yako, kwa bajaji au gari la jirani. Kumbukeni saa dalili zilipoanza, mtaulizwa. Msimpe chakula wala maji, anaweza kupaliwa. Na tafadhali, msipasue kidonge cha presha mkamwekea chini ya ulimi, presha ikiporomoka ghafla ubongo unakosa damu na mnamwongezea kiharusi.

Kama huna dalili hata moja, kaa, tulia dakika 5, pima upya. Ikibaki hapo nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, usilale nayo, na usimeze dawa ya mama mkwe eti naye ana presha.

Mjamzito yeye hesabu yake ni tofauti, akisoma 140/90 au zaidi asisubiri siku 7, aende kliniki leo, ni dalili ya hatari inayoweza kufika kwenye kifafa cha mimba.

Siku ya kliniki beba daftari, beba na mashine yenyewe tuilinganishe na ya kwetu, fanya hivyo angalau mara moja kwa mwaka. Ukiandikiwa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili usikate tamaa ukadhani ni kupasuliwa, wengi wanaopelekwa kule kwa ajili ya presha wanafanyiwa eko, yaani ultrasound ya moyo, kuangalia kama misuli imenenepa na moyo unasukuma kiasi gani. Daftari nenda nalo huko pia, mpe daktari kabla hajauliza.