Namna ninavyochagua kurunzi mpya ya kuongeza kabatini

Mpwa wangu kaanza kukusanya kurunzi. Anazo tatu, na juzi alinijia na fedha za ya nne mkononi: "Mjomba, nichukue ipi?" Tulikaa barazani tangu baada ya alasiri mpaka magharibi ikaadhiniwa. Haya ndiyo niliyomweleza. Mimi ninazo thelathini na moja hapa Chake Chake, ya kwanza ikiwa ile ndefu ya bati ya marehemu baba, inayoingia mawe mawili makubwa. Zote zinawaka. Isiyowaka siihesabu.

Hatua ya 1: Tafuta pengo

Tandaza ulizonazo mkekani uone kinachokosekana. Za mpwa wangu zote ni za mfukoni, zinamwaga mwanga mpana karibu na miguu. Hana hata moja ya kupiga mbali, kwa hiyo hilo ndilo tulilolitafuta.

Pengo jingine ambalo vijana hawalioni ni kurunzi ya mawe ya kawaida ya dukani. Umeme ulipokatika Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, mimi nilikuwa Mjini. Kurunzi zangu za kuchaji zilikuwa mzigo, kila chaji ni kumwomba mwenye jenereta. Iliyonifaa ni Mini Maglite, aina iliyotoka Marekani mwaka 1984, inayotumia mawe mawili ya AA. Kama huna ya namna hiyo, anza nayo.

Hatua ya 2: Soma kandela kwanza, lumeni baadaye

Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka. Kandela ni ukali wa mwanga pale katikati, na ndiyo inayofika mbali. Boksi likiwa na alama ya FL1, maana yake vipimo vimefuata kanuni za Kimarekani zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2009. Kwa kanuni hizo, masafa yanaishia pale mwanga unapobaki robo ya laksi (kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), karibu sawa na mbalamwezi. Hesabu yake: zidisha kandela kwa nne, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kandela 10,000 ni mita 200. Mimi hukata nusu, maana kwa mbalamwezi utaona kuna mtu lakini hutamjua ni nani.

Muda wa kuwaka nao huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10. "Saa tano" inaweza kuwa dakika tatu za ukali na zilizobaki za ufifi. Tafuta mchoro unaoonyesha mwanga unavyoshuka. Naipenda inayoshika lumeni 500 kwa saa mbili bila kuyumba kuliko inayoanza na 3,000 ikaungua mkononi ikajipunguza. Iliyoandikwa lumeni 100,000 na inaingia mfukoni, iache palepale ilipo.

Hatua ya 3: Rangi ya mwanga

Tafuta CRI (alama ya jinsi mwanga unavyoonyesha rangi za vitu kama zilivyo, kilele chake 100) ya 90 au zaidi, na joto la rangi kati ya 4,000 na 5,000 K (kelvini); namba ikipanda, mwanga unaelekea usamawati. Mwanga wa samawati unadanganya macho. Umulike juu ya jamvi la karafuu usiku, nzuri na iliyoharibika kwa unyevu zinakaribiana. Kwa CRI ya juu unazitenganisha mara moja.

Hatua ya 4: Betri

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo niliposumbuka.

Kurunzi nyingi nzuri hutumia betri ya lithiamu ya 18650. Jina lenyewe ni vipimo: upana milimita 18, urefu 65. Betri ya kweli ya ukubwa huo haipiti sana mAh 3,600 (mAh ni kiasi cha chaji inachobeba). Ukiona imeandikwa 9,900, ni uongo, hata kama muuzaji anaapa. Kipimo changu ni uzito. Nilizipeleka mbili kwa sonara, akaniwekea kwenye mizani yake. Ya kweli ilikuwa gramu 47, ile ya "9,900" gramu 31. Ya kweli huwa kati ya 45 na 50. Tangu siku hiyo sinunui betri sijaipima.

Sasa yaliyonikuta. Nilipata kurunzi nzuri sana, nikaitia betri ya kweli, ikiwa imejaa. Haikuwaka. Nikafungua kifuniko cha nyuma, nikasugua hesi kwa spiriti, nikaunganisha swichi kwa waya. Kimya. Fundi mmoja akaniambia balbu imekufa, nibadilishe. Nilikesha na mita ya kupimia umeme mpaka saa nane usiku: betri volti 4.2, springi nzima, swichi nzima. Mwisho nikachungulia ndani ya kichwa kwa kurunzi nyingine. Palipo na ncha ya chanya pamezungushwa pete ya plastiki, imewekwa ili mtu akigeuza betri isiunguze kitu. Betri yenye chuchu inapita katikati ya pete na kugusa. Yangu ilikuwa na kichwa bapa, ikaishia juu ya plastiki bila kugusa chochote. Kurunzi haikuwa na ubovu wowote.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, uliza: inataka yenye chuchu au bapa? Chungulia mwenyewe, usikubali jibu la "zote zinaingia". Ukishakuwa na bapa, usiipachike sumaku ili kuirefusha, kama nilivyoshauriwa. Kurunzi ikianguka sumaku huteleza ikagusanisha chanya na hasi, na lithiamu ikishika moto haina masihara. Usichomee risasi juu yake pia, joto linaiharibu ndani. Nunua yenye chuchu, basi.

Tahadhari nyingine: betri yenye saketi ya ulinzi (kijisahani cha kuikinga isijae wala kuisha kupita kiasi) ni ndefu zaidi, huweza kufika karibu milimita 70, na katika kurunzi fupi kifuniko hakifungi. Usikilazimishe, utaikandamiza springi. Ganda la betri likichanika, usiitumie mpaka livishwe jipya. Ya akiba ibebe kwenye kijisanduku cha plastiki, wala si mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Kwa ndege, iweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku la kupakiwa.

Hatua ya 5: Maji

IPX7 ni kuzama mita moja kwa nusu saa. Ukiinunua, toa betri, tia tishu kavu ndani, funga, izamishe ndoo ya maji kwa nusu saa. Tishu ikitoka kavu, sawa. Usiizamishe ikiwa na joto, maana hewa ya ndani ikipoa inavuta maji. Oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji, ipakwe grisi ya silikoni kidogo, si mafuta ya nazi. Ukitoka nayo pwani wakati wa bamvua, ioshe kwa maji ya kisima usiku huohuo. Chumvi huanzia kwenye hesi.

Hatua ya 6: Swichi

Nataka kitufe cha nyuma, kinacholia. Swichi laini za ubavuni nyingi hunyonya betri polepole hata kurunzi ikiwa imezimwa. Ukiwa na ya namna hiyo, legeza kifuniko robo mzunguko unapoiweka.

Hatua ya 7: Jaribu gizani, kisha iweke

Ielekeze kamera ya simu. Ikionyesha mistari inayokimbia, mwanga unakatikakatika, na macho yatachoka. Kisha nenda nayo mahali penye umbali unaoujua. Mimi natumia minazi ya njiani kwetu, nimeihesabia hatua.

Ya kuweka kabatini toa betri, lithiamu iache kwenye nusu ya chaji. Mawe ya alkalini usiyasahau ndani hata mwezi mmoja. Yakivuja, ule unga mweupe unakula springi. Ya baba niliiponya kwa pamba iliyotiwa siki, nikaifuta, nikaiacha ikauke. Kisha andika daftarini tarehe, aina ya betri na uzito wake, na mnazi wa ngapi ulioonekana usiku wa kwanza.